Nashona mikanda myeusi ya wenzangu, wangu uko kwenye droo

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Morogoro. Nina mume na watoto wawili. Jambo langu nikilisema nyumbani naonekana nimekosa kazi, nikilisema mazoezini naonekana nina wivu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia wewe.

Nafanya karate, huu ni mwaka wa saba, mtindo wa Goju-ryu. Sikuanza kwa kupenda. Jioni moja nikitoka kupeleka sare za harusi kwa mteja, kijana alinijia kwa nyuma akanipiga roba. Alichukua mkoba, simu na hela yote ya mteja. Shingo iliniuma wiki mbili ikapona. Lakini kwa mwaka mzima magharibi ikiingia nilikuwa sitoki, na nikilazimika kutoka nageuka nyuma kila hatua kumi. Jirani yangu alikuwa na mtoto anayejifunza karate kwenye ukumbi wa shule, akaniambia twende tukaangalie. Yeye aliishia wiki ya pili. Mimi nikabaki.

Anti, yale mazoezi yamenijenga upya. Zamani mteja akichukua nguo na kuniambia "nitakuletea", nilikuwa nacheka tu, halafu naingia ndani kulia. Sasa namtajia bei yangu huku namtazama usoni, na nguo haitoki bila hela. Kuamka mapema nilikuwa siwezi. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri nishafanya Sanchin, mojawapo ya kata, yaani miondoko ya karate inayofuatana kwa mpangilio, uani kabla watoto hawajaamka. Hata mume wangu, ambaye mwanzoni alisema karate ni mambo ya watoto, anakiri kwamba mke aliye naye leo siye yule aliyekuwa anajifungia ndani.

Kazi yangu nayo imeingia huko. Tangu mwaka wa pili mimi ndiye ninayeishonea klabu gi, yaani sare za karate, na mikanda. Mkanda ukiuangalia unaona utepe tu, kumbe ndani una kanvasi, na juu yake inapita mistari minane ya cherehani, imenyooka, urefu wa karibu mita tatu. Ukipinda mmoja unaonekana. Mwishoni mwa mwaka jana sensei, yaani mwalimu wetu, aliniagiza mikanda myeusi mitano, kwa sababu mtihani wa dani ya kwanza, daraja la kwanza la mkanda mweusi, ulikuwa Desemba na watahiniwa tulikuwa watano. Alileta kitambaa na kanvasi, mimi nikaweka ufundi. Niliishona usiku, baada ya kazi za wateja, na sikutaka malipo.

Kwenye mtihani kata zangu zilienda vizuri, mpaka mtahini aliyetoka Dar es Salaam akawa anaitikia kwa kichwa. Kwenye kumite, yaani pambano, nikapigana na watu watatu. Ikaja sehemu ya kujinasua. Kijana mmoja mrefu akanikaba shingo kwa nyuma, nikasimama kama gogo, sijui sekunde tano au sita. Kisha ikapita, tukaendelea. Jioni majina yakasomwa. Wanne wakapita, langu halikusomwa. Nikamfuata sensei, akaniambia neno moja: "Bado." Nikainama, nikaondoka.

Kati ya wale wanne, aliyeniuma zaidi ni kijana wa miaka 19. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mkanda wake mweupe siku ya kwanza, alikuwa anaufunga kama kamba ya viatu. Leo anasimama mstari wa mbele, mimi niko nyuma na mkanda wangu wa kahawia, huu mwaka wa nne, na kiunoni kwake naiona mistari yangu minane.

Tangu hapo naenda mazoezini kwa kujivuta. Mwezi uliopita akaja bwana mmoja wa klabu nyingine, tunafahamiana kwa ajili ya ushonaji. Kaniambia miaka yote hii ninapotezewa muda. Kwake ni semina ya siku mbili, shilingi 600,000, natoka na mkanda mweusi na cheti chenye mhuri wa nje ya nchi. Hela hiyo ninayo, nilikuwa naiweka kwa ajili ya cherehani ya ovaloki. Mume wangu ananishangaa, anasema: "Cherehani yako, uzi wako, ufundi wako. Jifunge yaishe." Hasemi kwa ubaya.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Ule mkanda wa tano uko kwangu, kwenye droo ya cherehani. Usiku mmoja wote wakiwa wamelala niliutoa, nikaufunga mbele ya kioo. Nilisimama kidogo, nikaufungua, nikajisikia kama mwizi.

Anti, nimlipe yule bwana? Niache kabisa? Na huo mkanda nifanye nao nini?

Fundi, Morogoro


Marahaba, mwanangu Fundi.

Nianze na hela, maana hilo ni jepesi. Usimlipe. Nenda kanunue ovaloki yako, na uinunue mwezi huu, ili hiyo hela isiendelee kukaa nyumbani ikikushawishi.

Sababu nitakupa, kwa kuwa sitaki ukubali kwa heshima ya umri wangu tu. Huu mkanda mweusi tunaoulilia una historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu wa Kijapani, Jigoro Kano, alifungua shule yake ya judo, Kodokan, mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili daraja la dani. Hapakuwa na mkanda wa kuwatambulisha. Mweusi ulikuja miaka michache baadaye. Karate iliuchukua utaratibu huo kutoka kwenye judo. Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa kwenda kufundisha Tokyo, alitoa dani zake za kwanza mwaka 1924. Rangi nyingi za katikati, njano, kijani na nyinginezo, zilishika Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, ili mwanafunzi aone anasogea. Na mwanzilishi wa mtindo wako mwenyewe, Chojun Miyagi, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dani. Wale walioibeba Goju-ryu baada yake walitoka mikononi mwake bila mkanda wake. Walichokuwa nacho ni kwamba aliwaona kila siku, akajua nani amefika wapi.

Kwa hiyo mumeo ana sehemu ya haki. Ni kitambaa, na wewe unajua kuliko sisi sote kilivyotengenezwa. Thamani yake yote iko kwa mtu anayekufunga: anakujua au hakujui? Sensei wako ameona miaka saba ya jasho lako. Anajua mguu upi unauburuza ukichoka. Yule bwana wa semina amekuona ukipima watu viuno. Akikufunga mkanda baada ya siku mbili, anakuwa amekupa risiti ya shilingi 600,000.

Halafu fikiria siku inayofuata. Utakuwa mama mwenye mkanda mweusi mtaani. Jirani atakuletea binti yake wa miaka 15 na kukwambia, mfundishe huyu, akishikwa na vibaka njiani ajue la kufanya. Binti atakuuliza: Mama, mtu akinikaba kwa nyuma nifanyeje?

Utamjibu nini, Fundi?

Hapo ndipo barua yako ilipo. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale. Mwanzoni umeandika kwamba ulipigwa roba. Katikati umeandika kwamba kwenye mtihani kijana mrefu alikukaba kwa nyuma ukasimama kama gogo. Baada ya hapo ukaweka nukta ukaandika, "Kisha ikapita, tukaendelea." Ukahamia kwenye majina. Umetumia maneno mengi zaidi kueleza mistari minane ya mkanda kuliko zile sekunde tano. Nadhani uliziona habari hizo mbili zinashikana mkono, ukaogopa kuziandika karibu karibu.

Haikupita, mwanangu. Ulipokabwa ukumbini, mwili wako ulirudi barabarani, kwenye ile jioni ya sare za harusi. Watu wengi waliowahi kushambuliwa hupatwa na hilo. Mtu anaweza kuwa na nguvu, akawa na mbinu zote, lakini kikitokea kitu kinachofanana na lile tukio, harufu, mkono, uzito wa mtu mgongoni, mwili unaganda kabla akili haijasema lolote. Sio woga na sio udhaifu wa karate yako. Ni kumbukumbu iliyokaa kwenye misuli. Miaka saba umejifunza kumkabili mtu wa mbele, na umefanikiwa, wateja wako ni mashahidi. Wa nyuma hujawahi kumgeukia.

Ndiyo maana nakuambia mkanda wa kununua ungekudhuru. Ungeufunga juu ya lile jambo, lisionekane tena, na ungetembea barabarani gizani ukiamini limekwisha.

Sasa nimseme sensei wako kidogo, kwa adabu. "Bado" peke yake haitoshi. Mwalimu akimwambia mtu mzima, aliyempa miaka saba na akashona mikanda ya klabu bila malipo, neno moja na kuondoka, amemnyima kitu anachostahili, nacho ni sababu. Najua desturi ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi: unainama, hubishi, unasubiri. Desturi hiyo ina uzuri wake, inafundisha subira. Lakini pia inaficha uvivu wa walimu wengine, na inaficha woga wa wanafunzi.

Ninalijua hili kwa sababu nimelipitia. Nilianza karate nikiwa msichana, Dar es Salaam, mwaka 1984. Goju-ryu ilikuwa imeshaota mizizi mjini tangu miaka ya 1970, Mmarekani mweusi, Sensei Nantambu Camara Bomani, alipoanza kufundisha kwenye shule ya Zanaki. Mimi sikuwa huko, nilikuwa kwenye ukumbi mwingine, na wasichana tulikuwa wawili tu. Nilifika mkanda wa kahawia. Nikafanya mtihani wa dani, nikaambiwa "bado". Sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipa jibu mwenyewe: hawataki mwanamke. Nikaacha wiki hiyohiyo. Miaka mingi baadaye nilikutana sokoni na mmoja wa wakubwa zangu wa ukumbini, tukakumbushana, akaniambia walishangaa nilivyopotea, kwa sababu kilichobaki kilikuwa ni kuteremsha nyonga kwenye shiko-dachi, ule msimamo wa miguu iliyopanuliwa na magoti yaliyokunjwa, na kurudi baada ya miezi sita. Miezi sita, Fundi. Labda alisema kweli, labda alinipooza. Sitajua kamwe, kwa kuwa siku ile sikufungua mdomo. Jambo hilo bado linaniuma, na sina haya kulisema, kama linaweza kukuzuia wewe usifanye nilivyofanya.

Kwa hiyo swali lako la pili, la kuacha: usiache kabla hujauliza. Ukishapata jibu, hata ukiamua kuondoka, utaondoka unajua unaacha nini.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako ambacho sidhani umekiona. Sensei aliagiza mikanda mitano. Hakusema nishonee minne, tutaangalia. Alikuletea kitambaa cha mitano, na watahiniwa mlikuwa watano. Yule mtu aliingia kwenye chumba cha mtihani akitarajia kukufunga. Kilichomzuia alikiona mle ndani, na kwa mujibu wa barua yako mle ndani kilitokea kitu kimoja tu. Yeye hajui kwamba umewahi kupigwa roba, hukuandika kwamba ulimwambia. Aliona mwanafunzi wake hodari amesimama sekunde sita mikono imening'inia. Pengine amekuwa akijiuliza tangu Desemba, na hajui amwanzeje mama mwenye heshima zake.

Mwambie. Huna haja ya kueleza kila kitu. Mwambie kwamba kabla hujaanza karate ulikabwa kwa nyuma ukaibiwa, na siku ya mtihani mwili ulikumbuka. Kisha muulize maswali mawili: je, hicho ndicho kilichonizuia? Na kama kipo kingine, ni kipi hasa, ili nikifanyie kazi? Usikubali "bado" ya pili. Akikujibu hivyo tena, sema kwa upole, "Sensei, nioneshe." Hilo ni neno la mwanafunzi, halina utovu wa adabu.

Namna ya kulifanyia kazi, mwalimu wako ataijua kuliko mimi, lakini nina wazo moja naomba umpelekee. Unasema unafanya Sanchin kila alfajiri. Kwenye Sanchin kuna shime: sensei anapita, anasimama nyuma yako, anakupiga mabega kwa viganja, anakukandamiza kuona kama umetulia. Sasa jiulize: miaka saba mtu anasimama nyuma yako na kukupiga mabegani, mbona hapo hugandi? Kwa sababu mkono unaujua, unajua unakuja, na una pumzi yako ya kushikilia. Anzieni hapo. Wewe uko kwenye Sanchin, unapumua. Mkono unatua begani kama kawaida. Siku nyingine unasogea mpaka kwenye mtulinga. Nyingine mkono wote unapita mbele ya shingo bila kubana, unabaki hapo pumzi tatu, unaondoka. Awe mtu mmoja unayemwamini, na muwe na ishara: ukimpiga mkononi mara mbili kwa kiganja anaachia papo hapo, bila swali na bila utani. Ukishaweza kupumua mkono ukiwa pale, ndipo mnaanza mbinu: kidevu chini, mikono miwili kuuvuta mkono wake, kuteremsha uzito, kugeuka. Polepole, kama unavyomfundisha mtoto kutunga uzi kwenye sindano. Hakuna wa kukukimbiza.

Tena una kata ya Seiyunchin. Umewahi kuona kwamba haina teke hata moja? Yote ni kushuka chini, kushika, kuvuta, kujinasua, na wengi hulitafsiri jina lake hivyohivyo, kushika na kuvuta. Umeifanya mara ngapi, mia tano? Elfu? Muombe sensei aifungue kipande kwa kipande na mtu wa kukushika kweli. Nina hakika ndani yake utakuta vitu ambavyo mikono yako tayari inavijua.

Na kama usiku unaota ile jioni, au moyo unakwenda mbio bila sababu, au kuna njia ambazo mpaka leo huzipiti, nenda pia hospitali ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Karate inajenga, mimi ni shahidi na wewe ni shahidi, lakini sensei hakusomea kutibu hofu. Kwenda huko hakupunguzi chochote kwenye mkanda wako.

Kuna jambo lazima nikuonye, maana nimekuambia usubiri na sitaki usubiri kijinga. Kusubiri kuna sura mbili. Keiko Fukuda alikuwa mwanafunzi wa Jigoro Kano mwenyewe, mwanamke mfupi sana, aliyeacha ndoa aliyopangiwa ili aendelee na judo. Alikaa kwenye dani ya tano miaka mingi, kwa sababu wakati huo Kodokan haikuwapandisha wanawake zaidi ya hapo. Hakukosa mbinu yoyote. Alipewa ya sita mwaka 1972, wenzake walipoisemea, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani alikokuwa akiishi kilimpa dani ya kumi. Miaka ile ilikuwa dhuluma, na sipendi watu wanapoisimulia kama hadithi tamu ya subira. Kwa hiyo angalia klabuni kwenu: je, kuna mwanamke aliyewahi kufungwa mkanda mweusi na sensei huyu? Kama yupo, kaa naye umuulize alipitaje. Kama hayupo hata mmoja, na sababu utakayopewa inabadilika badilika kila ukiitimiza, hapo utakuwa na haki ya kutafuta mwalimu mwingine wa kweli, na nitakuunga mkono. Lakini ile oda ya mikanda mitano inanifanya niamini kwenu sivyo.

Umri nao usikusumbue. Karate ilipoingia kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, dhahabu ya kata ya wanawake ilichukuliwa na Sandra Sánchez wa Hispania, miaka 39, mbele ya Mjapani Kiyou Shimizu aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Wewe huendi Olimpiki. Unakwenda kwenye dani ya kwanza, shodan, na hilo "sho" kwa Kijapani ni mwanzo. Siku ukifungwa, watakuambia sasa unaweza kuanza kujifunza.

Kijana wa miaka 19 sina mengi ya kusema juu yake. Hakukuchukulia chochote. Wivu wako ni wa kibinadamu, usijichape kwa ajili yake, ila usimnyime salamu. Mkiwekwa pamoja inama kwanza, umwite senpai kwa sauti, kama desturi inavyotaka kwa aliyekutangulia daraja. Mara ya kwanza itakukwama kooni. Na kama ana moyo, huyo ndiye wa kumwomba awe mkono wa nyuma kwenye mazoezi niliyokueleza, kwa sababu ulimshika mkono siku hajui kufunga mkanda, na hawezi kusahau.

Limebaki la droo. Hukuiba, mwanangu. Fundi hujaribu anachoshona, na binadamu hujaribu anachokitamani. Lakini kitambaa kile ni cha sensei, na kukaa nacho ndiko kunakokufanya usilale vizuri. Usiufumue, na usimpe mtu mwingine. Jumanne fika ukumbini nusu saa mapema, wakati bado hawajaja watu. Uweke kwenye bahasha ya kaki. Mpe kwa mikono miwili, umwambie, "Sensei, huu ni ule wa tano." Yeye ndiye ataamua ukae wapi mpaka siku yake. Halafu msiondoke hapo mlipo. Mkae chini, umsimulie ile jioni uliyotoka kupeleka sare za harusi.